Nakala ya Pili

Mchwa wamekula daftari la kaunti,
wameanzia pembe ya chini, upande wa marehemu,
wakapanda polepole hadi kwenye kodi.
Mkuu akaniita: "Asekenye, mwandiko wako unasomeka.
Nakili yote. Umalize kabla ya bajeti."
Akanipa kalamu tatu. Moja haiandiki.

Basi nakaa dirishani hapa Kamudei,
mbuzi wa tarishi wanakwaruza mlango,
nami naandika.

*Pamba, msimu wa kwanza: magunia mia mbili na sita.*
*Okwalinga bin Ijala, faini shilingi mbili,*
*kachelewa kung'oa mabua.*
Huyo ni babu yake mama.
Nyumbani tuliambiwa alikuwa mtu wa kuwahi.
Nimeinakili faini kama ilivyo.

Reli haina tarehe. Wameila.
*Duka la Vallabhdas, leseni namba kumi na tisa:*
*chumvi, mafuta ya taa, majembe, vitambaa.*
Mwaka wa sabini na mbili mstari mwekundu
umepita juu ya jina lake, kwa rula.
Mtu alitafuta rula.
Duka lipo bado, siku hizi wanachaji simu humo,
na kizingitini ile mizani ya pamba imeganda kwa kutu.
Watoto hujipima wakitoka shule:
kilo kumi na nane, mnene kumi na nane, mwembamba kumi na nane.

Mchana napumzika mkono.
Kwa Ikiror wameshaketi kuzunguka chungu,
maji ya moto yanamiminwa juu ya wimbi,
mirija mirefu imeinama kama watu wanaosengenya.
Wanajadili mpaka wa shamba, jiwe lililohama usiku.
Jiwe haliwezi kuhama, anasema mmoja.
Wote wanamtazama yeye.

Narudi. Safu ya ng'ombe.
*Themanini na tano: elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi.*
*Themanini na sita: elfu tisa.*
*Themanini na saba:* kistari.
*Themanini na nane:* kistari.
Karani wa siku hizo hakuandika sifuri.
Sifuri ni hesabu, na hesabu hutaka mtu wa kwenda kuhesabu.
Safu hii mchwa hawakuigusa.

Jumanne ni gulio, nikatoka na daftari kwapani.
Amuge alikuwa juu ya fungu la machungwa
akisubiri lori la Juba.
Nikamuuliza: kwenu walichukua wangapi?
Akamenya chungwa zima bila ganda kukatika, ndipo akajibu.
"Wangapi? Andika Epus.
Andika Ekwangat, aliyegoma kuvaa nira mvua ikinyesha.
Andika Lokori na mama yake Lokori,
na yule ndama ambaye hatujampa jina,
baba alisema tungoje aote tabia.
Walikuja na bunduki alfajiri ya Alhamisi.
Ijumaa baba alishika jembe la mkono
kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake."
Akapokea pesa, akarudisha chenji.
"Haya machungwa tulipanda kwenye zizi. Ndiyo maana matamu."

Fomu haina safu ya majina ya ng'ombe.
Nimepima pambizo kwa kidole: inaingia mistari minane.
Kalamu ya kwanza imeishia kwa Lokori.

Leo Mkuu kafunua, kavaa miwani, kavua.
"Epus ni nani? Amelipa kodi?"
Nikasema alilima ekari nne kila msimu, bwana.
Akakaa kimya. Nikasikia mbuzi.
Kisha akaniuliza, akitazama nje,
kama pambizo ya ukurasa wa pili imebaki na nafasi,
maana kwao walikuwa na mmoja mweusi, mkia mfupi.